Kioo cha resiva kimefifia? Pima umeme wake kwanza

"Fundi, muziki unatoka safi, lakini maandishi siyaoni mpaka nizime taa ya sebuleni." Swali hili halikauki hapa Bukavu, kutoka Bagira mpaka Panzi. Karibu kila anayeliuliza ameshaambiwa na mtu kwamba kioo kimekufa, atafute mashine nyingine. Nimeona inafaa kuandika hatua zote mahali pamoja, kwa sababu ushauri huo mara nyingi si sahihi. Unawafanya watu wauze kwa bei ya chuma chakavu resiva (redio na amplifaya kwenye mashine moja) za Sony, Yamaha, Pioneer, Denon au Kenwood zenye transfo nzito na sauti nzuri, ilhali kilichoharibika ni kapasita moja ndogo, yaani kipuri cha kuhifadhi na kuchuja umeme. Kioo chenyewe, yaani kile cha mbele kinachoonyesha maandishi, ndicho cha mwisho kushukiwa.

Elewa jambo moja tu kabla ya kushika bisibisi. Kioo hiki ni tyubu ya glasi iliyoondolewa hewa, aina iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1967. Ndani yake kuna nyuzi nyembamba kama unywele. Zikipata moto kidogo hutoa elektroni, na elektroni hizo zikivutwa hugonga unga wa fosfori ambao ndio unaowaka rangi ya kijani-buluu. Ili hayo yatokee, tyubu inahitaji umeme wa aina mbili: umeme mdogo wa kupasha nyuzi, mara nyingi kati ya volti 2 na 6, na umeme hasi, mara nyingi karibu volti −25 hadi −35. Mmoja ukipungua, maandishi yanafifia hata kama tyubu ni nzima kabisa.

Hakikisha kwanza kwamba una kioo cha aina hii. Mulika kwa tochi ya simu ukiwa umeizima mashine: ukiona nyuzi nyembamba zimelala kwa mlalo nyuma ya dirisha, ndicho. Kama maandishi yako ni meusi juu ya mwanga wa nyuma, hiyo ni aina nyingine kabisa. Huko hufifia taa ya nyuma, na hatua za hapa hazitakusaidia.

Unachohitaji

- Multimita. Ya bei nafuu inatosha, mradi betri yake ni mpya.
- Bisibisi ya msalaba yenye shingo ndefu.
- Chuma cha kulehemu cha wati 30 hadi 40 chenye ncha safi, waya wa risasi wenye kolofani (utomvu unaosaidia risasi kushika) ndani, na bomba la kunyonya risasi.
- Rezista ya ohm 100, wati 5, yenye waya zilizofunikwa vizuri. Ni ya kutolea umeme uliobaki kwenye kapasita kubwa.
- Alkoli ya 90 kutoka famasi, brashi ya meno kuukuu, pamba.
- Simu ya kupiga picha kila hatua.
- Mchoro wa saketi wa modeli yako. Andika jina la modeli lililo nyuma ya mashine na utafute kwenye intaneti. Michoro ya resiva nyingi za miaka ya 1980 na 1990 inapatikana. Unaweza kufanya kazi bila mchoro, ila utapima mengi kwa kukisia.

Kapasita usinunue bado. Utanunua baada ya kupima.

Usalama, na hapa sina utani

Ndani ya mashine hii kuna volti 220 kwenye waya wa ukutani, fyuzi, swichi na upande mmoja wa transfo. Kapasita kubwa mbili za amplifaya hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Usifanye kazi peku juu ya sementi yenye unyevu. Usifanye peke yako nyumbani ikiwa hujawahi kufungua mashine ya umeme. Mwite mtu akae karibu. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, usiseme "afadhali, sasa niko salama". Chomoa waya ukutani mara moja, kwa sababu hujui utarudi saa ngapi wala utarudi na nguvu gani.

Hatua

1. Ondoa sababu zisizo za ufundi. Tafuta kitufe cha DIMMER kwenye rimoti au mbele ya mashine, ukibonyeze mara kadhaa. Resiva nyingi zina viwango vitatu au vinne vya mwanga, na mtoto akicheza na rimoti kioo hubaki kwenye kiwango cha chini kwa miaka. Kwenye mashine za Yamaha na Denon angalia pia PURE DIRECT, ambayo huzima kioo kwa makusudi ili sauti iwe safi. Ukinunua resiva ya okazioni (iliyokwisha tumika) bila rimoti, jambo hili likuje akilini kabla ya jingine lolote.

2. Pima umeme wa ukutani, asubuhi na jioni. Hapa ndipo wengi wa mji wetu wanapopotea. Katika resiva nyingi za zamani, umeme wa kupasha nyuzi unatoka moja kwa moja kwenye transfo na hakuna kinachousawazisha. Umeme wa nyumba ukishuka kutoka volti 220 hadi 170 saa ambazo mtaa mzima unapika na kuwasha taa, nyuzi nazo zinapoa na kioo kinafifia. Amplifaya haionyeshi kitu kwa sababu inacheza kwa sauti ya chini. Kama kioo chako ni hafifu saa moja jioni na kinang'aa usiku wa manane, mashine yako haina ugonjwa. Nunua stabilizeta nzuri na funga mwongozo huu.

Kama mashine yako imeandikwa 120V nyuma, yaani ilitoka Marekani, au 100V kutoka Japani, na unaitumia kupitia transfo ya kushusha, pima volti zinazotoka kwenye transfo hiyo wakati resiva imewashwa na inacheza. Transfo dhaifu huonyesha namba nzuri ikiwa haina mzigo, kisha hushuka ikipewa kazi. Na ile ya volti 110 ikiunganishwa kwenye mashine ya volti 100 inachemsha kila kitu ndani polepole.

3. Chomoa, subiri, toa umeme uliobaki. Acha dakika kumi. Fungua kifuniko cha juu. Gusisha miguu ya rezista yako ya ohm 100 kwenye miguu miwili ya kila kapasita kubwa, ukiishikilia kwa sekunde kumi, kisha pima kwa multimita mpaka uone chini ya volti moja. Usitumie bisibisi kupiga shoti. Cheche ile inaharibu kapasita, na inaweza kurusha chembe ya chuma iliyoyeyuka usoni.

4. Safisha dirisha kabla ya kulaumu umeme. Nyumba inayopikia makala ndani huacha utando wa moshi kwenye plastiki ya mbele, upande wa ndani, ambao huuoni mpaka uifungue. Vua paneli ya mbele: kwa kawaida kuna skrubu juu, chini, na vibano vya plastiki pembeni. Piga picha nyaya zote bapa kabla ya kuzichomoa. Baadhi zina kibano cha kuinua kwanza. Ukivuta kwa nguvu, unang'oa njia za shaba na umejitengenezea tatizo jipya. Pangusa dirisha kwa kitambaa laini chenye maji na sabuni kidogo. Alkoli isiguse plastiki hiyo, inaweza kuipasua au kufuta maandishi yaliyochapwa. Glasi ya tyubu yenyewe unaweza kuifuta kwa alkoli.

Kuna mashine ambazo kazi yake inaishia hapa.

5. Tazama na nusa. Mulika bodi ya kioo na bodi ya umeme. Tafuta kapasita zilizovimba kichwani au zenye unyevu miguuni, sehemu za bodi zilizogeuka kahawia kwa joto, na gundi ya zamani. Gundi hiyo ilikuwa ya rangi ya maziwa au njano kiwandani. Kwa miaka na joto inageuka kahawia, inaanza kupitisha umeme na kula miguu ya vipuri. Ikiwa imeshika miguu ya diodi au rezista za upande wa kioo, ikwangue yote kwa kijiti kigumu, kisha safisha kwa alkoli. Harufu ya samaki aliyeoza karibu na kapasita ni maji yake yaliyovuja. Bukavu mvua huanza Septemba na kuendelea mpaka Mei au Juni. Unyevu huo ukikuta maji ya kapasita kwenye shaba, kutu haichelewi.

6. Pima mashine ikiwa imewashwa. Hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote, kwa hiyo usiikimbie. Rudisha nyaya bapa, weka paneli ya mbele juu ya karatasi ngumu isiyopitisha umeme, na hakikisha hakuna chuma kinachogusa bodi. Banisha ncha nyeusi ya multimita kwenye chuma cha mashine kwa klipu, ili ushike ncha moja tu kwa mkono mmoja.

Kwenye bodi tafuta maandishi F1 na F2, au FL1 na FL2. Hiyo ni miguu ya nyuzi, na kwa kawaida iko mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia wa tyubu. Tafuta pia −VFL, −VP, −30V au maneno yanayofanana na hayo. Sasa pima vitu vitatu:

a) Multimita kwenye V ya AC, ncha moja F1, nyingine F2. Linganisha na mchoro. Bila mchoro, tarajia kati ya volti 2 na 6, tyubu ndefu ikitaka zaidi.

b) Multimita kwenye V ya DC, kutoka chuma cha mashine hadi kwenye njia ya umeme hasi. Kama mchoro unasema −30 na wewe unapata −17, umempata mwizi.

c) Kwenye njia hiyo hiyo ya umeme hasi, badilisha iwe AC. Kapasita nzima huacha chini ya volti moja. Ukiona volti kadhaa, kapasita ya kuchuja imekauka. Tahadhari: multimita nyingine za bei ndogo zinadanganya hapa. Geuza ncha zake. Ikiwa upande mmoja inasoma sifuri na upande mwingine namba kubwa, ni multimita, si kapasita.

Mashine kadhaa hazipashi nyuzi kwa transfo, bali kwa saketi ndogo inayogeuza umeme kwa kasi kubwa sana. Huko kipimo (a) kitakupa namba isiyo na maana. Usihangaike nayo, pima volti inayoingia kwenye saketi hiyo.

7. Badilisha kapasita za umeme wa kioo. Ikiwa (b) au (c) ni mbaya, anza hapa. Mara nyingi ni vipuri viwili au vitatu, kati ya mikrofaradi 10 na 220, vya volti 35 hadi 63. Weka mikrofaradi zile zile, volti sawa au zaidi, na uchague zilizoandikwa 105°C, kwa sababu hukaa jirani na rezista zinazochemka. Sokoni Kadutu utapewa mpya na utapewa zilizong'olewa kwenye televisheni mbovu. Ya kung'olewa ina umri ule ule wa unayoitoa. Usilipe pesa kwa ugonjwa ule ule. Na kama mpya ni nyepesi ajabu kwa ukubwa wake, iache mezani kwa muuzaji.

Sasa kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko yote: kwenye umeme hasi, mguu chanya wa kapasita ndio unaokwenda kwenye chuma cha mashine. Wanaoanza wamezoea hasi kwenda huko, wanaigeuza, na kapasita inapasuka sekunde chache baada ya kuwasha. Piga picha ya ile ya zamani kabla ya kuing'oa, na ufuate alama iliyochapwa kwenye bodi.

8. Angalia rezista za usalama na zena (diodi inayoshikilia volti kwenye kiwango kimoja). Kati ya transfo na umeme wa kioo huwa kuna rezista ndogo inayofanya pia kazi ya fyuzi. Ikizeeka, ohm zake hupanda bila kuonyesha alama yoyote. Ing'oe mguu mmoja na uipime. Ikitakiwa 10 ukapata 60, ndiyo sababu. Irudishie aina ile ile. Kipande cha waya mahali pake kitawasha kioo leo, na siku shoti itakapotokea kitawasha mashine nzima. Zena inayovuja nayo hushusha umeme hasi: ikiwa kapasita ni mpya na volti bado ni ndogo na zena inachemka, ibadilishe kwa volti zile zile.

9. Lehemu upya miguu. Tazama kwa lenzi miguu ya tyubu, viunganishi, na rezista kubwa. Duara jembamba jeusi kuzunguka mguu ni risasi iliyopasuka. Nyonya ya zamani, weka mpya. Kwenye miguu ya tyubu usizidishe sekunde mbili au tatu kwa kila mguu, na usiipinde karibu na glasi. Hapo miguu inapita kwenye glasi, na ufa mdogo unaingiza hewa. Ndani ya tyubu kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia, la fedha au jeusi. Likigeuka jeupe kama chokaa, hewa imeingia na tyubu hiyo hairudi tena.

10. Jaribu kabla ya kufunga. Washa, iache saa nzima, pima tena (a) na (b) ikiwa ya moto. Kisha zima taa za chumba na utazame nyuzi. Zikionekana kwa wekundu hafifu sana au zisionekane kabisa, sawa. Ziking'aa rangi ya machungwa, volti ni nyingi mno, zima haraka.

Kama volti zote ni sawa na bado ni hafifu

Tazama maandishi yasiyotumika mara kwa mara, kama vile alama ya stereo ya redio au jina la kanda. Kama hayo yanang'aa na namba za sauti na jina la chanzo cha muziki ni hafifu, fosfori imechoka pale ilipofanya kazi miaka yote. Kwa hilo hakuna dawa ila tyubu kutoka mashine nyingine ya modeli ile ile. Weka neno kwa mafundi wa mjini kwamba unatafuta mashine iliyoungua amplifaya. Kioo chake mara nyingi ni kizima.

Utasikia ushauri wa kuongeza volti za nyuzi kwa muda mfupi ili "ziamke". Huweza kusaidia pale nyuzi ndizo zilizochoka, lakini nyuzi hizo hukatika kirahisi na zikikatika umemaliza kila kitu. Siipendekezi kwa mashine ya mteja. Na usiongeze kamwe umeme hasi kupita mchoro: chipu inayoendesha kioo ina kikomo chake, na kuipata mpya hapa ni kazi ngumu kuliko kupata tyubu.

Matatizo yanayojitokeza baada ya kazi

*Kioo hakiwaki kabisa, sauti ipo.* Waya bapa haukuingia sawasawa, au umeuingiza kinyume. Hakikisha pia hukusahau kibano chake wazi.

*Mashine inajizima baada ya sekunde chache au inaandika PROTECT.* Angalia skrubu zinazounganisha bodi na chuma cha mashine. Baadhi yake si za kushikilia tu. Umeme unarudi kupitia hizo. Kama zote zipo, tafuta kapasita uliyoigeuza au tone la risasi lililounganisha njia mbili.

*Maandishi yote yanawaka kidogo kidogo, hata yasiyotakiwa.* Zena ndogo inayoinua nyuzi, ambayo mara nyingi ni ya volti 4 hadi 7, ina shoti au imewekwa kinyume.

*Upande mmoja wa kioo unang'aa kuliko mwingine.* Kagua risasi ya F1 na F2, na zena hiyo hiyo.

*Kistari kimoja kinakosekana kwenye namba zote.* Njia moja ya fosfori haipati amri; fuata mguu wake mpaka kwenye chipu. *Namba moja nzima inakosekana:* ni gridi ya namba hiyo. Kwa yote mawili, lehemu upya miguu ya chipu kabla ya kuihukumu.

*Kinameta umeme wa mtaa unapoyumba.* Rudi hatua ya 2.

*Inasahau stesheni za redio kila delestaji (umeme ukikatwa).* Hili wananiuliza pamoja na kioo, na ni haki yao, kwa sababu kipuri chake mara nyingi kiko kwenye bodi ile ile ya mbele. Ni kapasita bapa kama kidonge kikubwa, imeandikwa 5.5V na namba kama 0.047F, 0.1F au 0.22F. Ikikauka haishiki kumbukumbu hata saa moja. Ibadilishe ukiwa tayari umefungua mashine, ukizingatia chanya na hasi. Kisha iache imewashwa usiku mzima ili ijae, hifadhi stesheni moja, chomoa waya ukutani kwa saa tatu, na uichomeke tena kuona kama stesheni ipo.